Shilingi Ishirini kwa Kilo: Niliyojifunza Katika Mikutano ya Kijiji Chetu

Ninaishi katika kijiji kimoja cha wilaya ya Tandahimba, mkoani Mtwara, juu ya uwanda wa Makonde, ambako karibu kila kaya ina mikorosho na karibu kila ugomvi wa hadhara, ukiufuatilia hadi chanzo chake, utakuta umeanzia kwenye fedha za korosho. Sijawahi kugombea uongozi wa kijiji wala wa chama chochote cha siasa. Nimesoma hadi darasa la saba, ninalima, na kwa miaka kadhaa nimekuwa katibu wa kikundi cha wanawake cha kuweka na kukopa, kazi iliyonizoesha kuandika muhtasari, kujumlisha safu za namba na kuvumilia watu wanaokasirika wakiulizwa risiti. Ninayoyaeleza hapa niliyajifunza kwa kufuatilia fedha moja tu, nayo ni mchango wa shilingi 20 kwa kila kilo ya korosho, tuliojiwekea wenyewe ili tujenge zahanati. Kijiji sikitaji wala kiongozi yeyote simtaji, kwa kuwa tunaendelea kuishi pamoja, tunazikana na kuozeshana watoto.

Mfumo wenyewe unahitaji kuelezwa kwanza, kwa sababu mwananchi asiyeujua hawezi kuuliza swali linalojibika. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho za Kusini zinauzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka korosho zake kwenye chama cha msingi, yaani AMCOS, zinapimwa na kupangwa daraja, anaandikiwa stakabadhi, kisha zinasafirishwa hadi ghala kuu, na chama kikuu ndicho kinachoziuza kwa mnada. Sisi wa Tandahimba na Newala chama kikuu chetu ni TANECU. Wenzetu wa Masasi, Mtwara na Nanyumbu wako MAMCU. Bei inayotangazwa mnadani siyo inayoingia kwenye akaunti ya mkulima, kwa maana katikati hapo hutolewa ushuru wa chama cha msingi, ushuru wa chama kikuu, gharama za usafirishaji, za ghala na za magunia. Juu ya hayo, vijiji vingi vimejiwekea mchango wao wa madarasa, visima au zahanati, ambao nao hukatwa huko huko kabla fedha haijamfikia mwenyewe. Makato ya namna hii hayaumi, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Mtu ukimwomba atoe shilingi elfu kumi mfukoni mwake atakuuliza ni za nini na nani anazipokea; mtu huyo huyo akikatwa elfu ishirini ambazo hajawahi kuzishika, haulizi kitu.

Mchango wetu ulipitishwa kwa kunyoosha mikono, na nakumbuka hapakuwa na ubishi. Mjamzito wa kijijini kwetu alikuwa anapelekwa kujifungua kata nyingine kwa bodaboda, kwenye njia ya mchanga ambayo hata pikipiki yenyewe huzama, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kushawishiwa. Hesabu yake pia ilikuwa nyepesi: kilo laki moja kwa shilingi 20 ni shilingi milioni mbili, na kijiji chetu, msimu ukiwa mzuri, huuza laki kadhaa. Tuliambiwa fedha zitakatwa na chama cha msingi, zitahamishiwa akaunti ya kijiji, na kamati ya ujenzi itazitumia chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji. Tukapiga makofi.

Kuta zikapanda hadi kwenye lenta, zikasimama. Msimu ukapita, mwingine ukapita, makato yakaendelea, nyasi zikaota ndani ya chumba kilichokusudiwa kuwa cha kujifungulia. Watu wakaanza kusema. Walisema vilingeni, msibani, kwenye foleni ya benki Tandahimba mjini, na kila mmoja alikuwa na mtu wake wa kumlaumu: mwingine alimlaumu mbunge, mwingine wanunuzi wa nje, na wapo waliosema serikali haijawahi kutupenda watu wa Kusini. Kilichonishangaza, na kinachonishangaza hadi leo, ni kwamba hakuna aliyeitaja ofisi ya kijiji, ambayo iko hatua chache kutoka kwenye jengo lenyewe.

Sisemi kwamba lawama za mbali hazina msingi. Watu wa mikoa hii wana kumbukumbu. Mwaka 2013 watu wa Mtwara walitaka kujua watanufaika vipi na gesi ya Mnazi Bay iliyokuwa inajengewa bomba la kwenda Dar es Salaam, na tarehe 22 Mei mwaka huo, siku ya hotuba ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini, mji wa Mtwara uliwaka moto; mali ziliteketea, watu walipoteza maisha, na wanajeshi wakaletwa. Bomba lilijengwa na kuzinduliwa mwaka 2015, na mtambo wa kusafisha gesi uko Madimba. Mwezi Juni 2018 Bunge lilibadilisha sheria ili ushuru wa korosho zinazouzwa nje uingie wote katika Mfuko Mkuu wa serikali, ilhali awali asilimia 65 ilikuwa inarudi kuliendeleza zao lenyewe, na wabunge wa huku walipinga bila mafanikio. Mwezi Oktoba mwaka huo huo wakulima wa Tandahimba na Newala walikataa bei za mnada, kwa kuwa msimu uliotangulia kilo ilikuwa imefika shilingi 4,000, na tarehe 12 Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi litazisomba.

Uamuzi huo wa 2018 ndio ulionifungua macho kuhusu uzito wa karatasi za kijijini. Kabla ya kulipwa, wakulima walifanyiwa uhakiki: una shamba kweli, au umenunua kwa kangomba, yaani kwa bei ya chini nje ya utaratibu, korosho za wenzako waliokuwa na shida ya fedha kabla ya msimu? Wahakiki walipofika kwetu waliomba daftari la wakazi na orodha ya mashamba. Daftari lilikuwapo, lakini lilikuwa na majina ya marehemu, na halikuwa na majina ya vijana waliorithi mashamba kwa wajomba zao, jambo la kawaida katika desturi yetu ambamo ardhi hufuata upande wa mama. Mtu mwenye ekari nyingi alijikuta anaitiwa mashahidi, na malipo yake yakachelewa hadi watoto wakarudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa sare. Amri ilitoka Ikulu, kwa sauti ya mkuu wa nchi na mbele ya kamera, lakini ilipofika kijijini ilitegemea daftari lenye kava lililochanika, ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuomba kuliona. Tangu siku hizo nikaanza kuhudhuria kila mkutano wa kijiji, na kalamu.

Asiyeuhudhuria mara kwa mara hawezi kujua jinsi mkutano mkuu wa kijiji unavyoweza kufanyika kwa ukamilifu na bado usiseme kitu. Ajenda hazibadiliki: kufungua, kusoma muhtasari wa mkutano uliopita, yatokanayo, taarifa ya mapato na matumizi, taarifa za kamati, mengineyo, kufunga. Mkutano uliotangazwa wa saa mbili asubuhi huanza saa tano, mgeni kutoka kata akishafika. Mgeni atazungumzia chanjo, kisha chakula cha wanafunzi, kisha mifugo inayozurura. Mwananchi akinyoosha mkono akauliza habari za zahanati, anaambiwa kwa upole kwamba swali lake ni zuri na lina nafasi yake kwenye mengineyo. Mengineyo yanapofika jua limekuwa kali, wanawake wengi wameondoka kwenda kuinjika, waliobaki ni wazee waliowahi kivuli cha mwembe na vijana wachache, na mwenyekiti anajibu kwamba suala hilo linafanyiwa kazi. Katika muhtasari sehemu hiyo huandikwa kwa sentensi moja: wananchi waliuliza maswali mbalimbali na yalijibiwa.

Niliiona sentensi hiyo mwenyewe, kwa sababu niliomba kusoma muhtasari ofisini na sikunyimwa. Nilipofunua kurasa za nyuma nikaikuta tena, na tena, kwa maneno yale yale. Hapo nikaelewa kwamba swali linaloulizwa kwenye mengineyo halifi kwa kukosa majibu. Linakufa kwa kutoandikwa. Likiandikwa kama lilivyoulizwa, pamoja na cheo cha anayepaswa kulijibu, mkutano unaofuata linakuwa yatokanayo, na yatokanayo husomwa asubuhi, mapema, watu wote wakiwapo, kabla ya mgeni wa kata kupewa nafasi. Hakuna sheria mpya iliyohitajika wala kelele. Ilihitajika mtu wa kusimama kwenye mengineyo, wakati wengine wanakung'uta vumbi waondoke, na kusema: naomba swali langu liandikwe.

Mara ya kwanza nilipolisema hilo, mtendaji wa kijiji aliweka kalamu chini. "Mama, kwani huniamini?" aliniuliza, na baadhi ya watu wakacheka.

"Ninakuamini, Mtendaji," nikamjibu. "Ninaomba liandikwe ili hata nisipokuwapo mimi, wenzangu waendelee nalo."

Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea shina la mwembe akasema, "Liandikwe, mwanangu, wino hauna gharama," na kwa kuwa mzee huyo ndiye anayetafutwa kila panapotokea ugomvi wa mipaka ya mashamba, liliandikwa. Nilibaki hadi mwisho nikaomba kusomewa lilivyoandikwa. Niliuliza hivi: tangu mchango wa shilingi 20 uanze, chama cha msingi kimekata kiasi gani, kijiji kimepokea kiasi gani, na tarehe gani?

Swali lilikuwa na sehemu mbili kwa makusudi, na hili ndilo jambo lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa. Kijiji na chama cha msingi ni vyombo viwili vyenye sheria mbili. Kijiji kiko chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ile iliyorudisha halmashauri za wilaya baada ya kufutwa mwaka 1972, na chini ya sheria hiyo mkutano mkuu wa wakazi wote wenye umri wa kuanzia miaka 18 ndicho chombo chenye mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji. Chama cha msingi kiko chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Mkutano wake ni wa wanachama, bodi yake huchaguliwa na wanachama, na anayekisimamia ni Mrajis, yaani msajili wa vyama vya ushirika. Mwenyekiti wa kijiji hawezi kumwamuru mwenyekiti wa chama alete vitabu, na meneja wa chama hawajibiki mbele ya wakazi. Mtendaji naye hakuchaguliwa na mtu. Ameajiriwa na halmashauri ya wilaya, na ndiko mamlaka ya kumwadhibu yaliko. Kwa hiyo kila tulipouliza kijijini tuliambiwa fedha bado ziko chama, na tulipouliza chama tuliambiwa zimeshapelekwa kijiji, na wote wawili walikuwa wanajibu wakijua kwamba walioko kwenye mkutano mmoja hawana nguvu juu ya mwingine. Ninaamini danadana hii haikubuniwa na mtu mmoja. Imo katika muundo wenyewe, na anayeijua huitumia.

Lakini wakulima wengi ni wakazi wa kijiji na pia ni wanachama wa chama, mimi nikiwamo. Kwenye mkutano mkuu wa chama husomwa taarifa ya msimu: kilo zilizokusanywa, bei ya kila mnada, makato kwa kila kilo. Wengi wetu husikiliza bei tu, tukilinganisha na walichopata wenzetu wa chama jirani. Mwaka huo niliandika kilo. Nikarudi nyumbani, nikazidisha kwa 20, nikampa binti yangu aliyekuwa kidato cha pili azidishe tena kwenye simu. Namba ikawa ile ile. Kisha nikaweka karatasi hiyo ndani ya daftari la kikundi, nikasubiri mkutano wa kijiji.

Siku ya mkutano mpiga mbiu alikuwa amepita usiku na asubuhi, na kwa kuwa maneno yalikuwa yameshaenea, watu walijaa kuliko nilivyowahi kuona, wanawake kwenye mikeka upande wa kushoto, wanaume kwenye mabenchi ya shule na matofali. Yatokanayo yalipofika, mwenyekiti alisoma swali langu mwenyewe, bila kulipunguza, na namshukuru kwa hilo. Mtendaji akasoma kiasi ambacho akaunti ya kijiji ilikuwa imepokea. Nikasimama, nikasalimia, nikasoma kilo zilizotajwa kwenye mkutano wa chama, na jumla inayopatikana zikizidishwa kwa shilingi 20. Sikusema mtu ameiba. Nilisema namba hizi mbili zilipaswa kufanana, na kiasi kinachokosekana kinatosha kuezeka jengo. Palikuwa na ukimya mfupi, kisha makelele, na mwenyekiti akagonga meza kwa ufunguo wa ofisi hadi watu wakatulia.

Lililofuata sikuliandaa mimi. Mtendaji alipoendelea na upande wa matumizi, akasoma kwamba mwezi Machi ilinunuliwa mifuko 120 ya saruji, ikaletwa kwa lori. Bibi mmoja anayeuza maandazi njia panda akanyoosha mkono. Hakuinuka, kwa sababu magoti yanamsumbua. Alisema akiwa amekaa. "Mwenyekiti, Machi kalavati la bondeni lilisombwa na mvua. Lori halikuingia kijiji hiki mpaka mwezi wa tano. Mimi niko pale barabarani kila siku, hata unga wa ngano niliuletewa kwa pikipiki. Hilo lori lilipita wapi?" Watu wakaanza kukumbushana, na kweli, kila mtu aliikumbuka mvua ile. Mjumbe mmoja wa kamati ya mapokezi akasimama akasema hajawahi kusaini hati ya kupokea mifuko hiyo, na akaomba aione sahihi inayosemekana kuwa ni yake. Hati haikuwapo mezani.

Nimesoma baadaye kuhusu ukaguzi wa fedha za umma, jinsi Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu anavyowasilisha ripoti kila mwaka na jinsi halmashauri zinavyoshindania kupata hati safi, na ninaheshimu kazi hiyo. Lakini mkaguzi anayetoka mjini angeikuta risiti ya saruji, akalinganisha tarehe na kiasi, akaridhika. Asingejua habari za kalavati. Katika kijiji ambacho lori moja ni tukio la siku nzima, aliyekaa njia panda anazo kumbukumbu ambazo hazimo kwenye faili lolote, ila huwa haitwi kuzitoa. Bibi yule alikuwa amehudhuria mikutano yote iliyotangulia bila kusema kitu. Nilipomuuliza sababu, aliniambia hakuna aliyewahi kusoma matumizi kwa mwezi mmoja mmoja. Ilikuwa inasomwa jumla tu, naye mambo ya jumla hayajui.

Mkutano ulikataa kuipokea taarifa. Hilo ni jambo zito kuliko linavyosikika, kwa sababu taarifa iliyokataliwa hubaki wazi kwenye muhtasari na nakala ya muhtasari hufika kata na wilayani. Diwani wetu, ambaye huongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata, hakuwa na njia ya kusema hajui. Tulianza kuhudhuria hata vikao vya Baraza la Madiwani, ambavyo mwananchi anaruhusiwa kuvisikiliza, ingawa si wengi wanaojua na hakuna anayekukaribisha. Unakaa nyuma, huruhusiwi kuzungumza, na sehemu kubwa ya maneno ni ya kupongezana. Hata hivyo ukikaa hadi mwisho utasikia Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango ilivyopitisha nini, utasikia habari za vikundi vilivyochukua mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kisha vikapotea bila kurejesha, na utaona ni diwani gani husoma makabrasha yake na yupi huyafungua siku hiyo hiyo mezani. Diwani akiona sura za watu wa kata yake nyuma ya ukumbi, husimama.

Mkaguzi wa ndani wa halmashauri alitumwa kijijini. Ilibainika kwamba sehemu ya fedha haikuwahi kutoka chama cha msingi, kwa maelezo kwamba ilitumika kwa muda kugharamia magunia, na sehemu nyingine iliingia kijijini lakini ikatumika kwa posho na mafuta ya pikipiki bila idhini ya mkutano. Kuhusu saruji, maelezo yalikuwa marefu na sikuyaelewa. Nadhani hata aliyeyatoa hakuyaelewa. Chama kilirejesha kiasi, jengo likaezekwa. Mtendaji alihamishiwa kijiji kingine. Watu wengi walishangilia kuondoka kwake, nami sikushangilia, kwa kuwa kumhamisha mtu siyo kumwajibisha, na kijiji kilichompokea hakikupewa nakala ya muhtasari wetu.

Kuna jambo la siasa ambalo haliwezi kurukwa hapa. Huku Kusini watu wamewahi kubadilisha viongozi kwa kura: mwaka 2015 majimbo ya Mtwara Mjini, Tandahimba, Liwale, Mchinga na yote mawili ya Kilwa yalikwenda upinzani. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019, wagombea wengi wa upinzani nchini walienguliwa, vyama vyao vikajitoa, na maeneo mengi sana yakapata viongozi waliopita bila kupingwa. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu nani alikuwa na haki. Nililoliona mimi ni dogo zaidi: mwenyekiti asiyekuwa na mpinzani hapiti nyumba kwa nyumba, na asiyepita nyumba kwa nyumba hakutani na swali la zahanati mpaka siku ya mkutano. Kampeni, pamoja na kelele zake na ahadi za uongo, ndizo zilizokuwa zinamlazimisha mgombea asimame uani kwa watu na kusikilizwa akijikanyaga. Zilipokosekana, mkutano mkuu ukabaki ndiyo nafasi pekee, na nafasi hiyo haina faida kama watu wanakwenda kwa kuogopa faini ya mgambo. Mwenyekiti wetu, kwa kumtendea haki, alibadilika baada ya taarifa kukataliwa. Sasa hivi matumizi husomwa kwa mwezi, na anayesoma huacha karatasi ibandikwe ukutani, ingawa wiki ya pili huwa imechanwa na watoto na hatujapata ubao wenye kioo.

Jengo limekamilika kwa kiasi kikubwa, lakini halina mganga wala muuguzi, na hilo limetuingiza kwenye mlango mwingine kabisa. Kijiji kinaweza kujenga, hakiwezi kuajiri. Watumishi wa afya hupangwa na serikali kuu, dawa zina utaratibu wake, na zahanati haifunguliwi mpaka isajiliwe. Wapo wanaosema tumefanya kazi bure. Wapo wanaotaka mchango wa shilingi 20 usimamishwe hadi muuguzi apatikane, na hoja yao ina nguvu, kwa sababu mkulima anayekatwa fedha za zahanati iliyofungwa ana kila sababu ya kuuliza. Mimi nilikuwa upande wa waliotaka uendelee kwa msimu mmoja kwa ajili ya nyumba ya mtumishi, kwa kuwa tunaambiwa kila siku kwamba vijana wanaopangiwa vijijini huondoka kwa kukosa pa kulala, na nisingependa tupewe sababu hiyo.

Kwenye mkutano uliopita tulipiga kura. Mchango umeendelea kwa tofauti ndogo ya mikono, na kwa sharti kwamba chama cha msingi kihamishe fedha za kila mnada peke yake, kabla ya mnada unaofuata, na taarifa ya kila uhamisho isomwe kijijini ikiwa na kilo, siyo jumla ya shilingi tu. Bodi ya chama imesema haiwezi kufungwa na sharti la mkutano ambao siyo wa wanachama wake. Ndiyo sababu tumeandika ombi lile lile kama wanachama, likasainiwa, na nakala imepelekwa kwa Mrajis Msaidizi wa mkoa. Mpaka ninapoandika hajajibu. Swali limeshaingizwa kwenye muhtasari wa vyombo vyote viwili, na mkutano wa chama utatangulia ule wa kijiji kabla korosho za kwanza hazijaanza kupimwa.